Nani Ana Tepu?

Komenti iliyopigwa laiki nyingi zaidi kwenye video yangu ya Kinshasa ni hii: "Yaani ulitoka Nairobi mpaka Kongo kutuonyesha uwanja wa mpira?" Jamaa akaweka na emoji nne za kucheka. Mimi pia nilicheka, sitawadanganya. Ukiitazama ile klipu bila kujua chochote, ana haki. Ni sekunde 58 za nyasi za plastiki, viti, na vijana wakifukuzana na mpira. Hakuna mahali hata pa kusimama upige selfi yenye maana.

Lakini sekunde 58 hazikutosha kusema nilichotaka kusema, kwa hivyo leo mtasoma. Wale wa "ni ndefu, nimeruka" mnaweza kushukia hapa, matatu inaendelea.

Ni hivi. Tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, uwanja huo ulibeba tamasha la siku tatu lililoitwa Zaire 74. Kongo wakati huo iliitwa Zaire na Mobutu alikuwa juu ya kila kitu. Waliolipanga ni Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na produsa rafiki yake, Stewart Levine. Kutoka Marekani walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers, The Spinners na Sister Sledge. Celia Cruz alikuja na Fania All-Stars. Miriam Makeba alikuwepo. Halafu wenyeji wenyewe wakapanda: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Abeti Masikini.

Soma hiyo orodha tena, polepole. Leo ukiona majina kama hayo kwenye posta moja hapa Nairobi utajua moja kwa moja ni mtu anataka kukula doh za tikiti ahepe.

Tamasha lilikuwa lifungulie njia pigano la Muhammad Ali na George Foreman, lile wanaloita Rumble in the Jungle. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo ilikuwa nyuma ya hizo pesa. Siku chache kabla, Foreman akapasuka juu ya jicho akiwa mazoezini na pigano likasukumwa mpaka 30 Oktoba. Wanamuziki walikuwa tayari wameshapangwa, kwa hivyo muziki ukaendelea bila ngumi. Wageni waliotarajiwa kutoka ng'ambo hawakuja kwa wingi. Uwanja ukabaki wa Kinshasa.

Mimi nilifika huko kwa bahati. Familia moja ya Wakongomani ninaoishi nao ploti moja Kasarani walikuwa wanaozesha binti yao kwao Kinshasa, na waliponiuliza kama ninaweza kwenda kupiga video, nilikubali kabla hawajataja malipo. (Usifanye hivyo. Taja bei kwanza.) Mathe wangu aliniuliza, kwa ile sauti yake ya tangu niache kampasi, kama sasa kazi yangu ni kufuata maharusi mpaka Kongo. Nikamwambia ndiyo mathe, kwa ndege.

Harusi ikaisha Jumapili alfajiri. Jumatatu nilikuwa huru. Baba wa bibi harusi akanitafutia dereva mtu wa Bukavu, ili tusikwame kwa lugha, maana Kinshasa ni Lingala na Kifaransa, na mimi Kifaransa changu kinaishia kwa "merci". Yule kaka wa Bukavu alicheka Kiswahili changu njia yote. Nikamwambia nataka kwenda Tata Raphaël, akaniangalia kwenye kioo. "Dada, kule ni mupira tu. Ukitaka muziki, twende Matonge."

Uwanja wenyewe una stori hata kabla hujaingia. Ulijengwa 1952, enzi za Wabelgiji, ukapewa jina la mfalme wao, Baudouin. Mobutu alipochukua nchi ukawa Uwanja wa 20 Mei, tarehe iliyohusishwa na chama chake. Mobutu alipoanguka 1997 ukaitwa Tata Raphaël, kwa kumkumbuka padri wa Kibelgiji aliyeendeleza michezo mjini humo. Kwa hivyo umebeba jina la mfalme, la chama na la padri. Jukwaa la Franco halijawahi kuitwa kwa jina la mtu hata mmoja aliyewahi kushika gitaa juu yake.

Mzee wa langoni alizungumza na dereva kidogo, akakubali tuingie dakika kumi na tano, simu sawa, kamera kubwa ibaki kwa gari. Tukaingia. Na hapo ndipo niwe mkweli na nyinyi: sikuhisi kitu. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi. Nilikuwa hata nimeandika maneno ya kusema mbele ya simu, yale ya "wasee wangu, hapa niliposimama". Nikasimama, jua likanipiga, nikaanza kujiuliza jukwaa lilikuwa upande gani. Dereva hakujua, na yule mzee akasema mwaka huo alikuwa bado kijijini.

Vijana waliokuwa wanacheza wakakuja kuona huyu msichana anarekodi nini. Tukaongea kupitia dereva. Nikawauliza kuhusu Ali. Wote, hata mdogo wao ambaye sidhani amefika miaka kumi, wakakunja ngumi na kupiga kelele, "Ali, boma ye!" Hiyo ni Lingala, maana yake Ali muue, ndivyo umati ulivyokuwa ukimshangilia. Kwa ngumi wanajua kila kitu, mpaka kwamba pigano lilipigwa usiku wa manane ili Wamarekani walitazame kwa saa zao. Nikawauliza, na James Brown? Mmoja alimjua kutoka TikTok. Alikuja hapa? Hapa wapi? Na Franco? Ah, Franco wanamjua, nani hamjui Franco. Lakini Franco kupiga hapa, kwa uwanja huu, kwenye tamasha la siku tatu na Makeba na B.B. King? Wakaangaliana. Mmoja akamwambia dereva kitu, dereva akacheka, akakataa kunitafsiria. Nadhani nilionekana muongo.

Usiku huo hotelini ndipo niliacha kulaumu vijana, na kujilaumu, na kuanza kuangalia tarehe. Mambo yote yako kwenye tarehe.

Tamasha lilirekodiwa vizuri sana. Kulikuwa na timu ya filamu yenye kamera nyingi, wapigapicha wa maana, sauti ya kiwango cha juu. Mwongozaji alikuwa Leon Gast, na mpango ulikuwa kutengeneza filamu ya muziki, ngumi ikiwa kando. Pesa za tamasha zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia. Kisha zikaanza vurugu za pesa na za kisheria, nani anamiliki nini, na kanda zikakaa. Filamu ilitoka 1996 ikiitwa When We Were Kings, ikashinda Oscar. Miaka 22 baadaye. Na kufikia hapo haikuwa tena filamu ya muziki, ilikuwa ya Ali. Wanamuziki wanapita pita katikati, kama mapambo.

Muziki ukasubiri tena. Mwaka wa 2008 Jeffrey Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa ile filamu ya kwanza, alirudi kwa zile kanda zilizobaki akatengeneza Soul Power. Itafuteni. Kuna mahali Bill Withers anaketi peke yake na gitaa, uwanja mzima unanyamaza, na mimi ninayetazama kwa simu yenye kioo kilichopasuka nikanyamaza pia. Kuna wanamuziki ndani ya ndege wakicheza angani kana kwamba wako kwa matatu ya Rongai. Lakini hata hapo, ukihesabu muda, Wamarekani ndio wenye filamu. Waafrika wanapata vipande.

Na Waafrika wenyewe je? Albamu ya seti zao, Zaire 74: The African Artists, ilitolewa na lebo ya Uingereza mwaka wa 2017. Miaka 43. Sasa weka tarehe nyingine kando ya hiyo. Franco alikufa 1989. Abeti 1994. Makeba 2008. Tabu Ley, bosi wa Afrisa, bendi iliyotupa "Nakei Nairobi" ya Mbilia Bel, alikufa 2013. Albamu ilipotoka, hao wanne wote hawakuwepo kuisikia.

Mimi nimekua na Franco. Baba yangu alikuwa na kaseti ya "Mario" iliyopigwa mpaka ikaanza kuvuta maneno, na kila mzee wa mtaa wetu ana maoni kuhusu huyo Mario. Hiyo ni rekodi ya 1985, ilitoka, ikasafiri, ikafika Nairobi, ikafika Kayole, ikafika kwa kaseti ya baba. Franco yule yule, akiwa na nguvu zake zote mbele ya uwanja wake wa nyumbani mwaka wa 1974, hakufika popote. Alikaa kwenye boksi miaka 43, na mwenye funguo za boksi hakuwa yeye.

Kwa hivyo turudi kwa jamaa wa emoji nne. Aliuliza kwa nini hakuna kibao pale uwanjani, au angalau ndivyo nilivyomwelewa. Nilichoamini kabla ya safari ni kile ambacho wengi wetu huamini: serikali za Afrika hazijali, wangeweka jumba la kumbukumbu, watalii wangekuja, mambo yangeiva. Sasa sikubali tena, au nakubali nusu. Angalia Woodstock. Ilifanyika Agosti 1969 kwa shamba la ng'ombe huko Bethel, New York, na ukisoma vizuri utaona ilikuwa fujo: mvua, matope, chakula kikaisha, ua haukumalizika kujengwa watu wakaingia bure. Filamu yake ikatoka Machi 1970. Miezi saba! Albamu ikafuata mwaka huo huo. Dunia nzima ikaona na kusikia, na ndiyo maana watu walianza kwenda pale shambani, miaka na miaka, wakati lilikuwa shamba tupu. Jumba la kumbukumbu lilikuja baadaye sana, 2008. Serikali ya Marekani ikaliweka lile shamba kwenye orodha yake ya sehemu za kihistoria mwaka wa 2017. Mwaka ule ule ambao sisi tulikuwa ndio tunasikia Abeti kwa mara ya kwanza.

Kibao huja nyuma ya tepu. Ali yuko vichwani mwa wale watoto kwa sababu Ali ameonekana. Ungeweka sanamu ya Abeti katikati ya uwanja leo, wangeuliza huyu mama ni nani.

Najua kuna wale watasema ninalipamba tamasha la dikteta. Hapana. Mwandishi wa Marekani Norman Mailer anasimulia ndani ya When We Were Kings kwamba Mobutu alikuwa amewafungia wahalifu kwenye vyumba vilivyo chini ya uwanja huo huo na kuwaua baadhi yao, ili mji utulie kabla ya wageni. Nilikumbuka hilo nikiwa pale, na ni kati ya sababu zilizonifanya nisiseme yale maneno yangu ya "wasee wangu". Lakini Franco hakuwa Mobutu. Mobutu alichotaka kutoka kwa ile wiki alikipata, jina lake na la nchi yake vikazunguka dunia nzima. Aliyekosa ni aliyepiga gitaa.

Tulipotoka uwanjani, dereva alinipeleka Matonge kama alivyotaka toka mwanzo. Si mbali. Pale mzunguko wa Victoire kuna mnara wa kuwakumbuka wasanii, na mitaa iliyo karibu ndiko Papa Wemba alikojitengenezea kijiji chake cha Molokai, jina alilounganisha kutoka herufi za mwanzo za mitaa yenyewe. Muziki unatoka kila mlango. Tukaketi kwenye nganda moja, viti vya plastiki, na kwenye meza ya kando kulikuwa na papa mmoja, shati limepigwa pasi, chupa moja ameiketia muda mrefu. Nikatoa simu nikaweka ile albamu ya 2017, seti ya Abeti. Yule papa akaziba sikio moja kwa kidole ili asikie vizuri. Kabla ya dereva kumwambia lolote akasema, "Abeti." Akaniashiria nisizime.

Dereva akamweleza ni ya 1974, ya pale Tata Raphaël. Papa akasema yeye anakumbuka zile siku, ila tikiti hakuweza kununua, aliwasikia kutoka nje ya ukuta. Anasema upepo ulikuwa unakuja na sauti na kuondoka nayo. Ni yeye wa kwanza niliyemwona siku hiyo ambaye alikuwa na kumbukumbu yake mwenyewe, na hata hiyo ilikuwa nusu nusu kwa sababu ya upepo. Nilitaka asikilize yote. Bando ikaisha katikati ya wimbo wa pili. Nilikuwa sijapakua hata mmoja, mimi ninayejiita mtu wa kazi hii.

Sasa niwaambie kwa nini hii stori inaniuma kama jino. Mwaka jana nilipiga video ya shoo moja hapa Nairobi, siku mbili. Wasanii wachanga, wa Dandora, wa Kibera, wa Umoja, wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kusimama kwenye jukwaa lenye taa. Mvua ilinyesha na hakuna aliyeenda nyumbani. Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi na saba aliyerap kwa dakika sita bila biti kwa sababu umeme ulipotea, na umati ukawa ndio biti. Nilikuwa mita mbili kutoka kwake. Nina uhakika ile ni kazi nzuri zaidi ambayo nimewahi kurekodi.

Sina. Nilikuwa nimesaini fomu ambayo sikuisoma, nikakabidhi kadi zote mbili usiku ule ule, nikalipwa, nikafurahi. Waandaaji wakaposti klipu kadhaa, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe, ukurasa wao ukafutwa. Nimeuliza kadi ziko wapi mara tatu. Kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake. Msichana aliniandikia inbox akiniomba zile dakika sita, anataka kuzituma mahali fulani, na mimi nikamjibu uongo, nikamwambia natafuta.

Halafu tunasema sisi ni kizazi kinachorekodi kila kitu. Ndiyo, tunarekodi. Tunaweka kwa stori inayokufa baada ya saa 24, tunaweka kwa akaunti tuliyosahau neno lake la siri, tunaweka kwa simu inayoibiwa pale Tom Mboya. Wanamuziki wa 1974 angalau kanda zao zilikuwa kwa boksi mahali fulani, na miaka 43 baadaye mtu akafungua. Yetu hata boksi haina. Ukitaka kujua shoo gani za Nairobi za miaka hii mitano zitakumbukwa, usiangalie msanii alikuwa nani. Uliza nani ana nakala, na kama atapokea simu.

Najua pia tunataka kulipwa, na anayelipa ndiye anayeandika fomu. Mimi nalipa rent kama nyinyi. Sisemi mkatae kazi. Masekela na Levine pia walihitaji pesa za mtu, na bila zile pesa kusingekuwa na kitu cha kupigania leo. Lakini kuna tofauti kati ya kumuuzia mtu video na kumuuzia haki ya kuizika. Neno moja tu la kuongeza kwenye fomu, kwamba mpigaji abaki na nakala na msanii apewe seti yake, lingekuwa limetosha. Nilikuwa na nafasi ya kuliandika kwa kalamu na sikuandika. Ile harusi ya Kinshasa? Familia ina kadi, mimi nina nakala, na nyingine iko kwa binamu yao Lubumbashi. Watu wa harusi wanajua thamani ya kanda kutushinda.

Dereva wa Bukavu nimemtumia albamu yote kwa WhatsApp, wimbo mmoja mmoja, kwa wifi ya jirani. Anasema yule papa humkuta pale pale kwenye nganda na tayari amesikiliza mpaka Makeba.

Na hapa mezani kwangu kuna fomu nyingine, ya shoo ya mwezi ujao, kurasa nne. Hii nimeisoma. Kipengele cha saba kinasema picha zote na sauti zote ni mali ya waandaaji, milele, kila mahali. Nimewaandikia jana nikiomba nakala moja ibaki kwangu na kila msanii apewe seti yake. Wameona. Zile tiki mbili ni za bluu tangu saa tatu asubuhi.